Valvu Nilizozifuta Majina

Mkono mmoja uwe mfukoni. Naanza na hilo kwa sababu ndilo somo la kwanza la kazi hii, na nyinyi vijana nawaona mnaingiza mikono yote miwili ndani ya televisheni iliyowashwa kama mnakanda unga wa maandazi. Umeme ukiingia mkono huu ukatokea mkono ule, umepita kifuani. Ukiingia mkono mmoja utakutupa chini, utatukana, na utaishi. Mimi sikuwa na mfuko. Nilivaa gauni na kanga, kwa hiyo mkono wa kushoto nilikuwa nauweka nyuma, mgongoni, na waliopita barabara ya nane pale Ngamiani walidhani nina maradhi ya kiuno. Sikuwakatalia. Mwanamke mwenye kiuno kibovu alikuwa anaeleweka. Mwanamke anayetengeneza redio hakuwa anaeleweka.

Duka nimelifunga mwezi uliopita. Yusufu na wenzake wa kibanda cha jirani, wanaotengeneza redio kaseti na sasa hizi simu za mkononi, wameniletea daftari wakasema, "Bibi Mwanaidi, andika, usiondoke na kila kitu kichwani." Nimeishia darasa la pili, herufi nyingine nimezipata ukubwani katika masomo ya watu wazima, kwa hiyo atakayecheka mwandiko wangu acheke akiwa kwao. Habari ya mshahara nairuka, ilikuwa fupi. Nitaandika habari ya valvu.

Najua wengine hamjawahi kuziona. Redio za zamani hazikuwa na hivi vidude vidogo kama punje za choroko mnavyovichomelea. Zilikuwa na taa za kioo, nne, tano, sita, zimesimama ndani ya sanduku la mbao. Mafundi tuliziita valvu. Ukiwasha redio haisemi papo hapo. Unasubiri valvu zipate moto, ndani ya vioo panakuwa pekundu kama kaa la mkaa, unasikia harufu ya vumbi linaloungua, halafu sauti inakuja polepole kama mtu anayetoka chumba cha nyuma. Hiyo harufu ndiyo ninayoitafuta mpaka leo na siipati.

Niliingia katika kazi hii kwa mlango wa ufagio. Nilikuwa nimeachwa, nina watoto wawili, nakaa kwa mama yangu Mabawa. Jirani akaniambia kuna Mhindi fundi redio barabara ya nane anataka mtu wa kufagia na kuchemsha chai. Ndiye Bwana Akbarali. Mtu mfupi, kofia nyeupe, miwani imefungwa kwa uzi mweusi, na Kiswahili chake ni cha Tanga kabisa kwa kuwa amezaliwa hapa na babake amezaliwa hapa. Aliniangalia akasema, "Wewe ni msafi?"

Nikamwambia, "Bwana, mimi hata jiwe la kusagia nalisugua."

"Basi fagia. Redio usiguse."

Akaenda kusali Ijumaa. Nikafagia. Nikamaliza mapema, na mimi si mtu wa kukaa nimekunja mikono. Pale ukutani palikuwa na kabati lenye droo pana, nikalifungua. Ndani vimepangwa vile vioo, vimejaa vumbi na mafuta ya miaka. Nikasema hizi si redio, hizi ni taa. Nikaleta maji ya sabuni na kitambaa, nikazisugua moja moja mpaka zikang'aa, nikazianika juu ya gazeti pale dirishani. Thelathini na saba. Kwa kweli zilipendeza.

Bwana Akbarali alirudi, akasimama mlangoni. Nikamwambia kwa furaha, "Nimezisafisha zote, Bwana."

Akachukua moja, akaigeuza kwenye mwanga. Akachukua ya pili. Ya tatu. Akakaa kwenye kigoda, akavua kofia.

"Mwanaidi," akasema, "umeosha majina."

Sikumwelewa. Ndipo akanionyesha valvu moja iliyobaki ndani ya redio. Juu ya kioo palikuwa na namba na herufi zilizopigwa kwa rangi hafifu. Rangi ile haikuchomwa ndani ya kioo, imekaa juu tu kama wanja. Ukipitisha kidole kilicholowa imekwenda. Na valvu bila jina ni kama dawa bila karatasi: unaweza kumponya mtu na unaweza kumzika. Ukiichomeka mahali si pake itaungua yenyewe, au itaunguza redio nzima.

Nililia. Nikamwambia nitaondoka.

"Uende wapi? Nikikufukuza majina yatarudi?" Akavaa kofia. "Kuna mapacha watu wote hawawezi kuwatofautisha, lakini mama yao anawajua. Haya, umeshakuwa mama yao. Utakaa nao mpaka umjue kila mmoja."

Ndivyo nilivyokuwa fundi. Asubuhi nafagia, mchana napika chai, alasiri nakaa dirishani na valvu moja isiyo na jina mkono huu na moja yenye jina mkono ule. Alinifundisha pa kuangalia. Kwanza miguu ya chini, ni mingapi na imekaaje. Halafu kizimba kilichomo ndani ya kioo: kipana au chembamba, cheusi au cha kijivu, kina mapezi au hakina. Halafu ile rangi ya fedha iliyopakwa ndani ya kioo. Ikiwa inang'aa valvu ni nzima, ikigeuka nyeupe kama tui hewa imeingia, hiyo ni maiti, izike. "Lakini fedha usiitumainie kumjulia mtu," alikuwa akisema. "Fedha ni kofia. Kiwanda hiki kinavalisha hivi, kiwanda kile vile. Wewe tazama kiuno."

Na alinifundisha kutambua ujenzi imara. Hapa sikilizeni, maana mpaka kwenye simu zenu ni hivyo hivyo. Valvu za kizamani zilikuwa na shingo ndefu ndani. Kizimba kimekaa juu, nyaya zinashuka mpaka chini kwenye miguu, na waya mrefu unacheza. Redio ikipaza sauti, kizimba nacho kinatikisika, na redio inaanza kulia kama mbuzi. Isitoshe, stesheni ya mbali inafika dhaifu, na njia ndefu ya waya inazidi kuipunguza. Waliokuja kuzijenga vizuri walizifanya fupi. Kizimba kimekaa chini, kimebanwa juu na chini kwa vipande viwili vyembamba mfano wa magamba ya samaki, na miguu inatoka moja kwa moja ndani ya kioo. Hiyo unaipigapiga kwa kifutio cha kalamu ya risasi redio ikiwa inasema, na sauti haitetemeki. Bwana Akbarali alipiga kila valvu namna hiyo, ameinamisha sikio kama daktari. Iliyolia aliiambia, "Wewe muoga," akaiweka kando.

Mwaka wa kwanza nilizirudishia majina valvu ishirini na kitu. Kila niliyoijua niliifungia kikaratasi kwa uzi, yeye akiandika. Mwaka wa pili zikabaki sita, halafu mbili, halafu moja.

Hiyo moja hatukuipata. Ilikuwa fupi na nene, na tako lake limevalishwa pete ya bati. Katikati pana kijiti chenye mfuo, ambao Bwana Akbarali alisema ni wa kujifungia kwenye tundu lake, isichomoke hata redio ikipanda lori. Yeye mwenyewe alinunua boksi zima la vitu kwa meneja mmoja wa Kizungu aliyekuwa anahama shamba la mkonge, na hakuwahi kuwa na redio ya namna ile. Tulipoipa moto kidogo iliwaka ndani, kwa hiyo nzima ilikuwa nzima, lakini kuwaka si jina. Ukiigonga, kimya, hakuna kinachocheza. Tukaiita Bubu.

Kila nilipopanga droo niliiona. Thelathini na sita zina vikaratasi, moja haina. Bwana Akbarali hakunitajia hata siku moja, na hilo ndilo lililonikera zaidi. Mtu akikusamehe kwa kelele unaweza kujibu. Akikusamehe kwa kunyamaza unabaki nayo.

Kisha ikaja ile miaka ya shida. Wenye umri wangu hawahitaji kuelezwa, na wadogo hawataamini. Foleni ya sabuni, foleni ya sukari, foleni ambayo watu wamesimama hawajui mbele kinauzwa nini. Betri za redio zikatoweka kabisa madukani. Kufikia wakati huo watu wengi walikuwa na redio ndogo za mkononi, na zote zikafa siku moja. Mtaa mzima wa Ngamiani ulianika betri juani juu ya mabati kama watu wanavyoanika dagaa. Wengine walizitoboa kwa msumari wakazinywesha maji ya chumvi. Zilisema robo saa, zikavuja, zikaila redio.

Hapo ndipo zile redio kubwa za mbao zilipotolewa stoo, chini ya vitanda, kwenye mabanda ya kuku. Zile hazikutaka betri, zilitaka umeme wa ukutani tu. Watu walizileta zimejaa mavi ya mende na viota vya panya. "Fundi, hii itasema?" Na ikisema, jirani wote wanakaa barazani kwa mwenye redio kusikiliza taarifa. Sisi tukawa watu muhimu. Mvua ikinyesha, jua likiwaka, mlangoni pana watu. Ndipo droo yangu ikatumika. Valvu mpya hazikuja tena kutoka popote, na zile za kutoka kwenye mabaki zilifika zimefutika kwa jasho la mikono ya watu. Bwana Akbarali akiletewa moja ananipa bila kuitazama. "Nani huyu?" Nami nasema ni nani. Sikukosea mara nyingi. Nilikosea mara tatu, na wenye redio wawili kati ya hao walisamehe.

Nasema jambo ambalo si zuri, lakini daftari ni langu: nilikuwa na furaha. Nyumbani tulikula ugali wa muhogo, nguo moja, kandambili zimeshonwa kwa waya. Lakini asubuhi nilikuwa natembea kutoka Mabawa kama mtu anayekwenda harusini.

Macho ya Bwana Akbarali yalikuwa yanakwisha. Mtoto wa jicho, yote mawili. Alikuwa anachomelea kwa kunusa. Binti yake aliyekuwa ng'ambo akaandika kwamba aende huko atibiwe na asirudi tena, maana huku atabaki peke yake. Akakubali. Akasema ataondoka baada ya Idi. Duka akaniachia mimi, droo na yote, na ndugu zake walisema sana, naye aliwaacha waseme. Mimi nikawa nahesabu siku, nikimwangalia Bubu. Nilikuwa nimemharibia thelathini na saba. Nilitaka aondoke nimemrudishia thelathini na saba. Sikutaka kingine.

Zikiwa zimebaki siku tisa akaingia mwanamke mmoja mtu mzima, mrefu, kitambaa cheupe kichwani. Amebeba kitu kizito kimefungwa kwa shuka, na juu yake machungwa.

"Shikamoo, mama," nikasema.

"Marahaba, mwanangu. Fundi yuko?"

"Tupo, mama."

"Namuuliza fundi."

Bwana Akbarali akajibu kutoka kitini kwake, "Fundi ni huyo huyo uliyemwitikia. Mimi naona ukungu tu, kama mko Lushoto."

Akacheka. "Na mimi ndiko nilikozaliwa. Ukungu wa huko angalau una baridi." Akatua mzigo. "Machungwa haya ni ya kuwadanganya wezi. Chini yake kuna redio."

Aliitwa Mama Eliamani, mjane, anakaa katika nyumba za shamba la mkonge upande wa Muheza. Marehemu mumewe alipewa redio ile na meneja alipohama. Ilikaa kabatini miaka mingi kwa kuwa walikuwa na ndogo ya betri. Betri zilipokwisha, dada yake akafariki huko milimani. Ndugu walitangaza redioni, kwenye matangazo ya vifo, kama ilivyokuwa desturi yetu sote, kwa kuwa simu hazikuwepo na barua ingemkuta marehemu kaburini. Yeye hakusikia. Alipata habari wiki tatu baadaye, kwa mtu aliyekutana naye sokoni na kumpa pole.

"Nilimwuliza, pole ya nini?" alisema. "Nimebaki na kaka mmoja, mwanangu. Mzee, anaumwa. Huyo sitaki kupewa pole yake sokoni."

Nikaondoa kifuniko cha nyuma. Zilikuwa tano, fupi, nene, zote zimevaa pete ya bati.

"Bwana," nikasema, "jamaa zake Bubu."

Bwana Akbarali akainuka kitini.

Nne zilikuwa nzima. Ya tano, ile inayosukuma sauti kwenda kwenye spika, kioo kimepasuka, fedha imekuwa tui. Imekufa, lakini jina lake lilikuwepo, linasomeka: 7C5. Karatasi ya kiwanda iliyobandikwa sandukuni ililiwa na mchwa zamani. Sasa swali likawa moja tu. Bubu ni 7C5, au ni mwingine katika ukoo ule? Maana ukoo ule wote una miguu minane, kimo kimoja, pete moja. Akiwa mwingine, angeweza kuunguza transfoma, na transfoma ya namna ile haikuwepo Tanga wala Dar es Salaam. Tulikuwa na ujanja wa kuupitisha umeme kwenye globu kwanza, ili hitilafu ikitokea globu ipokee. Globu yetu ilikuwa imeungua na madukani hazikuwepo.

"Una hakika?" akauliza Bwana Akbarali.

"Nisaidie basi, Bwana."

"Nikusaidie kwa macho yapi?"

Nikaifunga ile maiti kwa kitambaa nikaivunja kwa nyundo, taratibu, nikatoa kizimba chake kizima. Nikaenda dirishani na kizimba mkono huu, Bubu mkono ule, mahali pale pale nilipozianika siku ya kwanza. Cheusi na cheusi. Mapezi mawili ubavuni, na mapezi mawili. Magamba ya juu yana meno, na yana meno. Nikahesabu vijiti, nikahesabu tena. Kitu kimoja kilikataa: maiti fedha yake ilikuwa juu utosini, na Bubu fedha yake iko ubavuni. Nikabaki hapo. Chai ilipoa.

Mama Eliamani akasema, bila ubaya, "Mwanangu, kama hujui sema hujui. Kutokujua si dhambi."

Nikamwambia, "Mama, jina lake silijui kwa sababu nililifuta mimi. Sura yake naijua. Lakini nikikosea, redio hii haitasema tena milele. Ni yako, uamue wewe."

Akachukua chungwa, akalimenya taratibu.

"Kwani sasa hivi inasema?"

"Haisemi."

"Basi kipi cha kuogopa kuungua?"

Fedha ni kofia, tazama kiuno. Nilijisemea hivyo kwa sauti, nadhani, kwa kuwa nilimwona Bwana Akbarali anatabasamu akielekea ukutani. Nikamwelekeza Bubu kwenye tundu, nikasukuma. Akasema *tak*, akajifunga, kama mlango mzuri. Mkono wa kushoto nikaupeleka mgongoni. Wa kulia nikawasha.

Hesabuni thelathini, muone ilivyo ndefu.

Pakawa pekundu ndani ya kioo cha kwanza, cha pili, cha tatu, cha nne, na Bubu akafuata. Harufu ya vumbi. Hakuna moshi. Spika ikaguna. Kisha kwa mbali, halafu karibu, sauti ya mtangazaji, safi, kama amekaa kwenye kigoda chetu: "...wa Bukoba anasikitika kutangaza kifo cha mama yake mzazi. Habari ziwafikie..."

Yalisomwa matangazo saba au nane. Mama Eliamani alisimama na chungwa mkononi, maji yanamtiririka kiwikoni, midomo inafuata kila jina. Yalipokwisha akashusha pumzi.

"Namshukuru Mungu," akasema. "Leo si sisi." Halafu akaona haya. "Mungu awape pole hao wengine."

Bwana Akbarali akaja akipapasa meza. Akachukua kalamu ya risasi, akamgonga Bubu kwa kifutio, tok, tok, sikio limeinama. Sauti haikutetemeka.

"Si muoga huyu," akasema. "Zima. Akipoa muandike jina."

"Nikuletee kalamu na kikaratasi, Bwana?"

"Nani amesema mimi? Andika wewe. Na usiandike kwenye karatasi, mchwa wamo. Tumia ile rangi."

Tulikuwa na kichupa cha rangi ya kucha, tukibania nayo skrubu zisilegee. Mama Eliamani alikuwa na haraka ya gari la Muheza, lakini alikaa akasubiri kioo kipoe. Nikaandika kwenye kioo, herufi zangu mwenyewe, kwa brashi ya kucha. Saba ikalala upande. C ikatoka kama sikio. Ilipokauka nikampa Bwana Akbarali. Hakuweza kuiona. Akapitisha ncha ya kidole juu ya rangi, kwenda na kurudi.

"Thelathini na saba," akasema.

Mama Eliamani aliifunga redio yake kwa shuka akaondoka na Bubu ndani, maana kazi ya valvu ni kukaa redioni, si kwenye droo ya mtu. Machungwa alituachia yote, akasema wezi wa Tanga sasa atawapiga kwa mwavuli. Siku tisa zilipokwisha nilimsindikiza Bwana Akbarali mpaka kituoni. Aliniambia nipunguze sukari kwenye chai ya wateja. Ndiyo maneno yake ya mwisho niliyoyasikia kwa masikio yangu. Barua zilikuja tatu, za kuandikiwa, yeye anasema na mjukuu anaandika. Ya nne ilitoka kwa binti, nikajua kabla sijaisoma.

Ruksa ilipokuja, biashara ikafunguliwa, madukani pakajaa. Betri za kila rangi, redio za kuingia mfukoni, mitumba, redio kaseti zinazowaka taa kama meli. Nani angebeba sanduku la mbao? Walizigeuza meza za kuwekea maua. Mmoja alifugia njiwa. Nikajifunza vidude vya choroko kama wengine, nikatengeneza, nikala, nikasomesha wanangu, sina malalamiko. Redio hizo mpya zilikuja zimeharibika na hazikutaka kuangaliwa kiuno. Unang'oa, unapachika, anayefuata. Tulikuwa tumeomba vitu vipatikane, navyo vikapatikana, na kwa hilo simlaumu mtu. Lakini hakuna tena aliyeniuliza, "Nani huyu?"

Siku niliyokuwa nafungasha duka, mwezi uliopita, akaja binti mmoja kutoka Muheza na kitu kimefungwa kwa shuka. Nililijua shuka kabla ya kumjua mtu. Alikuwa mjukuu wake Mama Eliamani. Bibi yake alifariki mwaka juzi, naye aliagiza redio isiuzwe wala isigeuzwe meza, irudishwe kwa yule mama wa barabara ya nane aliyeijua valvu kwa sura.

"Na alisema nikwambie kitu," yule binti akasema. "Alisema, mwambie nilimwahi."

"Alimwahi nani?"

"Kaka yake. Alisikia tangazo saa saba mchana, kesho yake alikuwa milimani. Alitupa udongo kwa mkono wake."

Nilimpa chai. Alipoondoka nikafungua kifuniko cha nyuma. Vumbi, kiota kimoja cha mjusi, na Bubu amekaa mahali pake, amejifunga, fedha yake ubavuni bado inang'aa, na 7C5 nyekundu imefifia lakini ipo. Sikumfuta vumbi. Nikapuliza tu.

Nikaiwasha, baada ya alasiri. Mahali ilipokuwa stesheni yetu nikakuta mvumo mtupu. Nikahamia mawimbi mafupi, nikazungusha kitufe cha stesheni polepole namna alivyonifundisha, kama unayemtafuta mtu bila kutaka kumwamsha. Na katikati ya kelele akatokea mwanamume anazungumza Kihindi, kutoka huko kwao ng'ambo ya bahari, safi, karibu, kama amekaa kwenye kigoda. Mimi kwa Kihindi nilijua kuhesabu tu, mpaka kumi, kwa sababu Bwana Akbarali alihesabu miguu ya valvu kwa lugha ya mama yake. Sikuelewa kitu. Lakini kila tarakimu ilipopita niliitambua, kama unavyomtambua mtu wa mtaa wenu katikati ya umati wa mji mwingine.

Nikachukua kalamu ya risasi nikamgonga Bubu kwa kifutio. Sauti haikutetemeka. Nilisikiliza mpaka yule bwana alipomaliza, nimesimama, na ndipo nilipogundua kwamba mkono wangu wa kushoto ulikuwa umekwenda mgongoni wenyewe.